Kasoro ya Maalim Ubeid

Malindi, Unguja
12 Aprili 1930

Kwa Dada Fakhriya binti Ubeid, Mtaa wa Kongo, Kariakoo.

Salamu ziwafikie wewe na Maalim na nyumba nzima. Najua ukiuona mwandiko huu utataka kuitia barua jikoni. Isome kwanza, halafu uitie.

Miaka sita sikuandika na sina udhuru. Sasa naandika kwa kuwa nina haja, wala sitaificha chini ya salamu ndefu. Kuna kampuni ya santuri huko Bombei inayotaka wapigaji wa pwani, na klabu yetu imenichagua mimi kwa upande wa udi. Meli inaondoka tarehe nne Juni. Nataka kupiga "Gerezani", bashrafu ya Maalim, kile kipande chake cha ala tupu bila maneno. Vipande ninavyo vingi, lakini cha kutiwa ndani ya santuri kikabaki baada yangu ni hicho kimoja tu.

Juzi nilikipiga mbele ya klabu. Nilipomaliza akasimama Ramadhan, yule tuliyefunzwa naye kwenu, akasema: "Huyu alikimbia kabla ya kilemba. Ana kasoro ya Maalim mkononi, nanyi mnampeleka Bombei akaieneze." Watu walicheka mpaka mpiga ngoma akaweka ngoma chini. Mwenyekiti amesema nisipoleta neno la Maalim mwenyewe, atakwenda Ramadhan badala yangu.

Desturi ya baba yako unaijua kuliko mimi. Kila mwanafunzi humpa "Gerezani" ikiwa na kosa moja alilolitia makusudi, na hulitoa kwa mdomo wake siku mwanafunzi anapomletea kitambaa cha kilemba naye akakipokea. Anayeondoka kabla ya siku hiyo huondoka na kosa lake, na popote atakapopiga, waliohitimu watajua kwamba hana ruhusa. Ramadhan anadai kasoro yangu ni pale katikati, ninaposhuka mpaka uzi mnene halafu nikanyamaza kabla ya kurudi. Anasema yeye hana kimya hicho, wala Hamis mwanafunzi mwenzetu hana, wala mwingine yeyote. Huenda ni kweli. Huenda pia ananitega niharibu palipo sawa. Wa kuniambia ni Maalim peke yake.

Siku hizi nakumbuka sana nilivyomjua. Nilikuwa na miaka ishirini, nimebeba udi uliopasuka tumbo, nikaelekezwa mtaa wa Gerezani, nyuma ya karakana za reli, kwa Mshihiri mmoja mzee, Mwarabu anayetengeneza masanduku. Nikamkuta amechuchumaa, misumari mdomoni. Salamu yangu hakuitika. Aliutazama udi, akautupa kwenye vumbi la mbao, akaniambia nipige hivyo hivyo na ufa wake. Nikapiga, naye akaendelea kugonga misumari, tena anagonga nje ya mapigo yangu ili nipotee. Nilipomaliza akatema misumari, akasema: "Una mikono ya kupimia kanga. Rudi dukani kwa baba yako." Nilikwenda siku kumi na moja mfululizo nikisimama pale pale. Ya kumi na mbili akanipa kigoda.

Nimetia kilemba pamoja na barua hii, cha Maskati, chenye tarizi ya kahawia. Ikiwa bado ana hasira nami, mshike miguu kwa niaba yangu.

Nduguyo,
Hashil bin Abdulla


Mtaa wa Kongo, Kariakoo
21 Aprili 1930

Hashil,

Barua imefika na kitambaa kimefika. Umeniita dada. Mwaka wa ishirini na nne ulipomtuma Mzee Sadalla aje kuniposa hukuniita dada. Lakini haya, na iwe dada.

Hali ya Baba hukuiuliza, umetaka neno lake tu. Nitakueleza hata hivyo. Tangu Mfungo Sita, mwezi wa maulidi mwaka jana, amepooza upande wa kushoto. Mkono ule wa kubania nyuzi umelala mapajani, haujui kama una mwenyewe. Maneno yanamtoka nusu nusu, na anayeyaelewa ni mimi. Udi tumeutundika ukutani.

Siku hiyo ya Gerezani unayoisimulia, mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimepeleka chakula, nikasimama nyuma ya mbao kwa kuwa palikuwa na mgeni. Ulipoondoka Baba alicheka. Hilo hukulijua. Alicheka mpaka akajifuta macho.

Akakufunza miaka minne. Ulikula kwetu, na kanzu zako za kwendea harusini nilizifua mimi. Malipo yake tuliyaona kwenye ile harusi ya Mtaa wa Mchikichi. Mkono wa Baba ulitetemeka, risha anayopigia ikamponyoka ikaanguka mkekani, watu wanatazama. Wewe ukauchukua udi mapajani mwake. Ukasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, "Mpeni mzee kahawa, apumzike." Ukakaa kwenye kiti chake ukapiga, wakakupigia makofi. Baba alirudi nyumbani kwa miguu peke yake, viatu ameviacha harusini. Kesho yake wewe ukapanda stima, na mimi na posa yangu tukaachwa kama sahani ambazo hazijaoshwa. Wala usidhani nasema haya kwa sababu ya posa. Posa nilishaisahau.

Kilemba nimempelekea. Amekishika kwa mkono wake mzima, akakitupa mlangoni. Anasema hapokei kitu chako mpaka uandike barua ya kuomba radhi, isomwe barazani kwa sauti mbele ya wanaume waliokuwepo harusini. Iandike. Tena uiandike vizuri.

Fakhriya binti Ubeid


Malindi, Unguja
27 Aprili 1930

Kwa Maalim wangu Ubeid, na kwa wazee na ndugu wote mlioketi barazani.

Mimi Hashil bin Abdulla naomba radhi. Sikuambiwa na mtu niseme ninayoyasema hapa chini.

Siku ile risha ilipoanguka, nilimwona Maalim akiipapasa mkekani na haioni, na ilikuwa karibu na mguu wake. Nilitaka macho ya watu yamwondokee yanijie mimi. Ndiyo maana nikauchukua udi. Wallahi nia yangu ilikuwa hiyo. Lakini nilipokwisha kukaa na kuanza kupiga, nilifurahi. Nilifurahi kwamba ameshindwa na mimi nipo. Nilipiga kama sijawahi kupiga, na kila aliyekuwa karibu nami alinisikia nilivyofurahi, na Maalim alisikia kuliko wote. Aibu ya jambo hilo ndiyo iliyonikimbiza Unguja. Mengine niliyowahi kuyasema kuhusu kuondoka kwangu ni uongo.

Nilimwibia mwalimu wangu kiti akiwa bado amekikalia. Anayetaka kunicheka na anicheke, ni haki yake. Nimemwomba Mungu, sasa namwomba Maalim.

Dada Fakhriya, hayo yasomwe. Na haya ni yako peke yako: sikujua ya ugonjwa. Nataka kuja. Kuna stima Jumanne ijayo. Nitakaa mlangoni tu ikiwa hataki niingie.

Hashil


Kariakoo
6 Mei 1930

Hashil,

Imesomwa Ijumaa baada ya alasiri. Aliyesoma ni Hamis, na sauti yake unaijua. Ilipofika mahali uliposema ulifurahi, watu walitazamana, na mmoja akatema mate nje ya baraza. Baba alisikiliza mpaka mwisho akiwa ndani, mlango umefunguliwa.

Kuja usije. Amesema hataki kusikia hata kiatu chako uani kwake. Hayo ni maneno yake, mimi nayapitisha tu.

Lakini kwa kuwa umejidhalilisha kama alivyotaka, amekubali kuitoa kasoro. Nilimtajia kipande sehemu kwa sehemu, naye akawa ananijibu kwa kidole. Ramadhan hakukutega. Kasoro yako ni kile kimya. Unapofika uzi mnene usinyamaze, pita moja kwa moja, rudi juu bila kupumua, kama wenzako wanavyofanya. Alikutilia kimya kile ili kila mtu asikie kwamba wewe ni mtu wa kusita. Kitoe kabisa, hata mkono ukitaka kusimama usiuachie.

Waoneshe klabu barua hii, ndiyo neno la Maalim. Safari njema.

Fakhriya


Kariakoo
9 Mei 1930

Kwa dada yangu Mauza binti Ubeid, Kilwa Kivinje.

Shikamoo dada. Baba hajambo kwa kadiri yake. Mvua imetukalia, Jangwani kumejaa maji, na ukuta wa uani umeegemea kwa jirani. Wewe na wanao je?

Nimefanya jambo na nataka mtu mmoja alijue. Hashil ameandika. Anakwenda Bombei kutiwa kwenye santuri, meli yake ni tarehe nne Juni, na anataka Baba amtolee kasoro ya "Gerezani". Unakumbuka Baba alivyokuwa akiipiga mwenyewe uani, mlango umefungwa, na akifika kwenye uzi mnene ananyamaza, sisi tunazuia hata kuku wasilie? Kimya kile hakumpa mwanafunzi yeyote. Hata walioleta vilemba aliwatolea makosa yao mengine wakaenda zao wakidhani wamepewa kizima. Alimpa Hashil peke yake, tena mwaka wa kwanza, bila kilemba wala sherehe. Mwenyewe hajui kwamba alichopewa peke yake ndicho kizima. Ameniandikia kuniuliza kama hiyo ndiyo kasoro.

Nimemwambia ndiyo. Nimemwambia akitoe.

Nimemwandikisha pia barua ya kuomba radhi, nikamwambia imesomwa barazani. Haijasomwa popote, iko chini ya mtungi. Aliomba kuja, nikamkatalia kwa jina la Baba. Kilemba alichomletea Baba nimesema kimetoka kwa Ramadhan, Baba akaniambia nikiweke kabatini. Kila alasiri ananiuliza kwa ule ulimi wake mzito kama kuna salamu ya Hashil. Namwambia hakuna. Miaka sita nimemjibu hivyo na ilikuwa kweli, kwa nini leo iwe si kweli kwa sababu bwana huyo ana safari yake?

Usinigombeze. Nimelala vizuri wiki hii kuliko miaka yote.

Mdogo wako,
Fakhriya


Kilwa Kivinje
20 Mei 1930

Fakhriya,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikiwa juu ya mbuzi nakuna nazi, na nazi nikaiacha. Mume wangu kaniuliza nani kafa.

Nitakugombeza, maana hakuna mwingine wa kukugombeza. Najua utasema unamlipizia Baba. Baba kakutuma lini? Mzee kashika roho yake kwa mkono mmoja anamngoja mtu, na mtu huyo yuko tayari kuja kwa miguu, na wewe umekaa katikati yao unamdanganya huyu kwa jina la yule. Kama ni posa, sema ni posa. Mimi dada yako sitakucheka. Mimi mwenyewe niliposwa na wawili kabla ya huyu, na hakuna udi uliovunjika.

Kile kimya si cha Hashil. Baba hana kitu kingine duniani alichokitengeneza kikawa chake. Masanduku yake yote yameliwa na mchwa. Akikitoa yule akaenda kupiga Bombei, santuri haifutwi kama ubao wa chuoni.

Meli ni tarehe nne. Barua hii ikikufikia, chukua karatasi hapo hapo ulipo, umwandikie neno moja: usitoe. Hata sababu usimpe. Mwambie asitoe tu.

Mauza


Malindi, Unguja
29 Mei 1930

Kwa Fakhriya,

Safari hii sikuandika dada, uniwie radhi.

Barua yako niliisoma mbele ya klabu. Ramadhan mwenyewe alisimama akanipa mkono, akasema tangu leo mimi ni mwenzake. Na amenisaidia, maana kimya kile kilikataa kutoka. Miaka kumi mkono wangu umezoea kusimama pale. Basi Ramadhan anaketi mbele yangu ameshika ufito, nikisita tu anagonga meza, nami naanza upya. Tulifanya hivyo asubuhi na jioni wiki tatu nzima. Sasa mkono umepona, unapita pale bila kuuliza. Kila mtu anasema kipande kimekuwa chepesi na kitamu.

Nimewaza sana hukumu ya Maalim, kwamba alinitia kusita ili nijulikane. Iliniuma. Lakini aliniona vizuri. Mtu anayeweza kuacha nyumba yenu akaenda zake bila kuaga, ni neno gani jingine la kumwita?

Nikirudi Bombei sitamtuma mzee yeyote. Nitakuja mwenyewe, na nitakachosema kwa Maalim unakijua. Ukiwa umeolewa, au hutaki, nijulishe ili nisije kujiaibisha mara ya pili. Stima ya barua inafika kwenu Jumapili, na inarudi huku Jumatatu, kwa hiyo jibu lako litanikuta kabla sijapanda meli. Nitalingoja.

Hashil


Kariakoo
11 Juni 1930

Dada Mauza, shikamoo.

Barua yako na ya Hashil zilinifikia siku moja, Jumapili tarehe mosi. Ningeweza kusingizia mvua, lakini posta haiko Jangwani, na Jumatatu jua lilikuwa linawaka. Nafasi nilikuwa nayo.

Yako ilinilainisha. Nilichukua karatasi kama ulivyosema. Ndipo nikafungua ya kwake. Anataka kuja kuniposa tena, Mauza. Mistari mitatu. Miaka sita nimemtunza mzee, na tangu apooze nimemwosha, nimemgeuza, nimemlisha uji kwa kijiko, nimewajibu wanaume wawili kwamba siwezi kuolewa nikamwacha, na bwana huyu anafikiri kilichokuwa kimebaki ni yeye kunijulisha kwamba yuko tayari. Na ameandika jinsi alivyokifukuza kimya cha Baba kwa ufito, kwa furaha, kama mtu anayekuambia ameua nyoka ndani ya nyumba yako.

Nilikunja karatasi. Nilipika, nikafua, nikamnyoa Baba ndevu. Jumatatu niliisikia stima ikipiga honi bandarini nikiwa namsuuza uso. Baba akaniuliza kama kuna salamu ya Hashil. Nikamwambia hakuna.

Sasa unaweza kunigombeza upendavyo.

Fakhriya


Bombei
20 Julai 1930

Kwa Fakhriya,

Sikupata jibu, na nimelielewa. Sitakusumbua tena kwa neno lile.

Ya kazi nikueleze, umweleze Maalim akikubali kusikiliza. Walituingiza katika chumba kilichotandikwa mablanketi ukutani, joto la kutosha kuivisha ndizi. Unapiga mara moja, na ukikosea wanaitupa sahani ile ya nta mbele ya macho yako, na ukikosea mara tatu wanamwita mwingine. Mara ya kwanza nilisita pale pale pa zamani. Wakaitupa. Mara ya pili nikauona mkono unataka kusimama tena, nikaubana kama ulivyoniagiza, nikapita. Mzungu wa mashine akainua kidole gumba. Basi imekuwa.

Nilipotoka nje nililia kidogo, sijui kwa nini. Nilidhani ni uchovu.

Kwenye karatasi ya santuri nimewaandikisha hivi: "Gerezani" ya Maalim Ubeid. Jina langu liko chini ya lake. Nakala moja italetwa kwenu na Kasmir, karani wa reli, ambaye nduguye anafanya kazi melini. Yeye ana gramafoni. Mwombe ampigie Maalim. Sitaki jibu. Nataka aisikie tu, ajue kwamba mwanafunzi wake ametii.

Hashil bin Abdulla


Kariakoo
3 Oktoba 1930

Hashil,

Kaa kitako usome.

Kimya kile hakikuwa kasoro. "Gerezani" uliyopewa wewe ilikuwa nzima tangu siku ya kwanza. Kimya ndicho kipande chenyewe, na Baba hakumpa mwingine, hata Ramadhan na kilemba chake. Hakunituma nikuambie ukitoe. Hakuwahi kuulizwa. Barua yako ya radhi haikusomwa barazani. Kilemba chako hakukitupa, nilimwambia ni cha mtu mwingine. Hakukukataza kuja. Kila siku iliyopita alikuwa anakuulizia, na mimi nilikuwa namwambia hakuna salamu yako. Yote hayo ni mimi.

Na ile siku ya Gerezani, alicheka kweli, lakini sikukuambia sababu. Alikula chakula chote nilichompelekea, akaniambia, "Leo nimepata wa kumpa."

Kasmir aliileta santuri Jumatano iliyopita, na gramafoni yake kaibeba kichwani. Akasoma karatasi kwa sauti, jina la Baba halafu lako. Sijawahi kuona uso ule tangu augue. Akataka nimkalishe, nimvishe kofia, nimpe udi mapajani ingawa hawezi kuupiga. Ikaanza. Alikuwa anatikisa kichwa kwa kila kitu ulichofanya. Ulipoanza kushuka, akanyanyua mkono wake mzima kutunyamazisha, mimi na Kasmir, kama alivyokuwa akitunyamazisha uani tulipokuwa wadogo. Ukapita. Mkono ukabaki juu. Santuri ikaisha, bado uko juu. Kasmir alidhani anataka maji.

Alisema neno moja, na lilimtoka zima kuliko yote ya mwaka huu. Alisema, "Amekikataa."

Nilipiga magoti nikamwambia kweli, yote, kama nilivyokuandikia. Amenishika kichwa akaniambia, "Usimtetee." Anadhani nakutetea kwa sababu ya posa. Nimeapa kwa Msahafu, akageuka ukutani. Nimemsomea barua yako ya radhi, akaniuliza nimeiandika lini.

Gramafoni imebaki hapa, Kasmir amemwonea huruma. Kila alasiri ananiambia niipige. Kila alasiri anafika pale pale ananyanyua mkono, akidhani labda leo. Mimi ndiye ninayezungusha ile mashine.

Daktari anasema hatafika mwezi wa Ramadhani. Maneno yangu hayaamini tena, ataamini mkono wako tu. Njoo umpigie na kimya chake mara moja, akisikie kutoka kwako. Halafu unifanye utakavyo, unitangaze misikitini, uninyime hata salamu. Sitafungua mdomo. Njoo tu, Hashil, kuna stima kila wiki.

Fakhriya


Malindi, Unguja
15 Oktoba 1930

Fakhriya,

Barua yako ilinikuta siku niliyotoka kupiga kwenye harusi moja ya wakubwa. Hapa kila gramafoni inapiga "Gerezani", na vijana wanaijifunza kutoka kwenye santuri, kila mmoja anapita pale bila kupumua kama nilivyopita. Niliposoma nilitaka kuja nikuchinje. Nakuambia kama ilivyokuwa. Halafu nikakata tiketi ya stima ya Jumamosi, kwa ajili yake.

Tiketi nikiwa nayo mfukoni, nikachukua udi ili nimtengenezee Maalim kipande chake. Nikashuka mpaka uzi mnene, na mkono ukapita. Nikarudia, ukapita. Nilikaa siku mbili sili. Mkono hausimami tena pale. Niliufunza vizuri mno, na Ramadhan alinisaidia vizuri mno.

Usinielewe vibaya, kunyamaza naweza. Nafika, nauzuia kwa nguvu, nahesabu moja, mbili, tatu, narudi. Hata mtoto wa chuoni anaweza hivyo. Lakini zamani sikuwa nahesabu. Zamani pale nilikuwa nangoja kitu, na sasa sikumbuki nilikuwa nangoja nini. Nimejaribu kumkumbuka Maalim anavyopiga, namwona midomo na kofia na misumari, kimya chake sikisikii.

Nikija atanyanyua mkono, nami nitahesabu, na mzee yule atasikia kwamba nahesabu. Aliwahi kunisikia nikifurahi kwenye kiti chake, hili hatashindwa kulisikia. Leo anaamini nimekikataa. Anayekataa kitu, kitu hicho bado kipo mahali. Nikimpigia atajua kwamba hakipo tena kwa mtu yeyote, na kwamba kimekwenda kabla yake. Siwezi kukaa mbele yake nikamwonesha hilo.

Tiketi nimeirudisha Jumamosi asubuhi.

Wewe zungusha mashine. Akikuuliza kwa nini sikuja, mwambie lolote utakaloona linafaa. Kumsemea mtu unakujua.

Hashil bin Abdulla